Ramani imegoma kufunguka? Toa mkono kwanza

Ijumaa moja saa kumi jioni, mvua ndiyo kwanza imekatika, kijana mmoja aliingia ofisini kwangu ameifumbata flashi kiganjani kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Shikamoo dada. Faili limekufa."

"Marahaba. Limekufa lenyewe, au mmelimalizia?"

Hakunielewa. Nikamfafanulia: tangu ligome, umejaribu kulifungua mara ngapi, na umesevu mara ngapi? Akahesabu kwa vidole. Kulifungua, mara sita. Kusevu, mara mbili, kwa sababu kuna wakati lilifunguka nusu, kuta zikaonekana, milango haipo, naye akasema ngoja nisevu hivi hivi lisije likapotea tena.

Hapo ndipo lilipokufa. Kabla ya hapo lilikuwa mgonjwa tu.

Nachora ramani za nyumba hapa Mwanza mwaka wa kumi na saba sasa. Ofisi yangu iko Nyegezi, chumba kimoja, meza mbili, plota ya mtumba, yaani printa ya karatasi kubwa, na jirani yangu anauza dagaa kwa jumla, kwa hiyo ukija utanusa kabla hujaona kibao. Kufufua mafaili sikukuchagua. Kulianza na wanafunzi wa Malimbe, wakafuata wapima ardhi, siku hizi hata mafundi wa Igoma wananiletea laptopu zao. Karibu wote wanatumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, kwa hiyo nitaisema hiyo kwa urefu. Wenzake nitawagusa mbele.

Kabla ya lolote

Funga programu. Tengeneza folda mpya kwenye diski ya kompyuta. Isiwe kwenye flashi. Yangu naiita WODINI. Nakili humo kila kitu chenye jina la kazi ile, kisha mafaili ya asili usiyaguse tena mpaka mambo yaishe. Matibabu yote ni wodini, kwenye kopi. Ukiiua kopi, unanakili nyingine.

Sababu ni hii. Kila unaposevu kwa mkono, AutoCAD inalichukua faili lililokuwepo, inalibadilisha kuwa .bak, halafu inaandika jipya la .dwg. Kwa hiyo bak ni kazi yako ilivyokuwa kabla ya kusevu mara ya mwisho, nayo ni moja tu. Sasa mtazame kijana wangu. Alikuwa na faili bovu pamoja na bak nzima. Aliposevu ile nusu mara ya kwanza, faili bovu likawa bak, na bak nzima ikafutika. Aliposevu mara ya pili, hata lile bovu, ambalo pengine lilikuwa bado linatibika, likaondoka. Akabaki na nusu mbili zinazofanana.

Wodini nakili pia vile vifaili vya .dwl na .dwl2 ukiviona. Havina mchoro ndani, ni kufuli: vinaeleza nani amelifungua faili kwa wakati huo. Kompyuta ikizimika ghafla vinaweza kubaki, na kesho yake AutoCAD ikakwambia faili linatumiwa na mtu mwingine. Mtu huyo ni wewe wa jana. Ukiwa na hakika hakuna mwenzako aliyelifungua, futa hizo kufuli na ujaribu tena. Nimewahi kupokea mtu aliyetoka Kisesa kwa bodaboda kwa ugonjwa huo tu. Nilimrudishia hela yake.

Mikia ya majina

Windows huficha mkia wa jina, yaani zile herufi za baada ya nukta. Ukiwa huzioni, utabadilisha jina la bak na kupata nyumba.dwg.bak, kisha utasema njia haifanyi kazi. Fungua folda yoyote, nenda View, weka alama ya vema kwenye File name extensions na Hidden items. Kwenye Windows 11 vyote viwili vimewekwa ndani ya Show, humo humo kwenye View.

Sasa chukua kopi ya bak iliyoko wodini, iite mathalani nyumba_toka_bak.dwg. Windows itakuuliza kama una hakika. Unayo. Fungua. Mara nyingi kazi inaishia hapa, na unachokuwa umepoteza ni yale uliyochora baada ya kusevu kabla ya mwisho. Kwa mtu anayesevu kila baada ya chumba kimoja, hiyo ni kazi ya kikombe cha chai.

Kama folda yako haina bak hata moja, andika ISAVEBAK kwenye dirisha la amri la AutoCAD. Ikisoma 0, kuna mtu aliizima. Kwangu ilizimwa na kijana wa kazi aliyeona bak ni uchafu unaojaza folda. Sikumfukuza, lakini alinunua chakula cha mchana wiki nzima.

Kuwinda sv$

AutoCAD pia inajisevia yenyewe pembeni. Isipobadilishwa, ni kila dakika 10. Kopi hiyo haiendi kwenye faili lako wala kwenye bak. Inakwenda kwenye folda ya muda ya Windows, na mkia wake ni .sv$. Kompyuta ikizimika ghafla au programu ikianguka, kopi inabaki pale. Ukiufunga mchoro kwa utaratibu wa kawaida, hata kama umejibu kwamba hutaki kusevu, inafutwa.

Kinachowaponza wengi ni kwamba folda hiyo iko ndani ya kompyuta uliyochorea. Hata kama mchoro wenyewe ulikuwa kwenye flashi, sv$ ilibaki kwenye laptopu.

"Laptopu iko wapi?"

"Nyumbani, dada. Buhongwa."

"Kapande daladala."

Kutoka Nyegezi kwenda Buhongwa si safari. Akiwa njiani, wewe nifuate. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, gonga Enter. Folda inayofunguka imejaa takataka. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.sv$ na upange kwa tarehe. Usipopata kitu, ingia AutoCAD, andika SAVEFILEPATH, itakuonyesha kopi zinakokwenda kwenye kompyuta hiyo. Majina yake yanafanana na nyumba_1_1_4821.sv$: jina la mchoro, kisha tarakimu. Kama mchoro ulikuwa bado hujaupa jina, tafuta linaloanza na Drawing1. Nakili wodini, badilisha mkia uwe .dwg, fungua.

Watu wawili hawaioni sv$ yao. Wa kwanza ni yule anayesevu kila dakika mbili. Saa ya kujisevia inaanza kuhesabu unapobadilisha kitu kwenye mchoro, na kila ukisevu kwa mkono inaanza upya, kwa hiyo kwake haijawahi kufika dakika 10. Huyo simhurumii sana, ana .dwg nzuri. Wa pili ni aliyeipeleka laptopu kwa fundi kwanza. Kuna mafundi ambao, kabla hata ya kukuuliza tatizo, wanaifanyia kompyuta usafi: wanafuta folda ya muda yote ili iwe nyepesi. Inakuwa nyepesi kweli. Ukimpelekea fundi mashine yenye faili lililopotea, mwambie mapema asifute kitu.

Jambo jingine. AutoCAD ikianguka, ukiiwasha tena inakufungulia kidirisha pembeni chenye orodha ya yale inayoweza kuokoa: .dwg, .bak, .sv$, na wakati mwingine faili lenye neno _recover mwishoni mwa jina. Watu wanakifunga kama wanavyofunga matangazo. Usikifunge. Fungua kila kimoja, linganisha, ndipo uchague cha kusevu, kwa jina jipya. Ukiwa umeshakifunga, andika DRAWINGRECOVERY kitarudi.

Kijana alirudi saa kumi na mbili kasoro, laptopu imefungwa kwenye kanga ya mama yake. Betri ya laptopu hiyo ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa chaja, na umeme ulipokatika Alhamisi usiku ilizimika papo hapo. Tukaikuta sv$ ya saa nne na dakika kumi usiku ule. Milango yote ipo. Kilichokosekana ni karo la maji taka na jedwali la madirisha.

Kulitibu faili lenyewe

Ikiwa bak haipo na sv$ haipo, ndipo tunarudi kwa mgonjwa. Usilibofye mara mbili kama ulivyozoea. Anza mchoro mtupu, andika RECOVER, chagua kopi ya wodini. Programu italisoma huku ikitengeneza inachoweza. Ikimaliza gonga F2 usome ilichokuta.

Likifunguka, andika AUDIT. Itakuuliza kama irekebishe makosa itakayoyakuta. Jibu lililowekwa tayari ni hapana, kwa hiyo anayegonga Enter harakaharaka amepimwa homa akaondoka bila dawa. Andika Y. Rudia AUDIT mpaka isome makosa sifuri. Mara nyingine ya kwanza inatengeneza haya na kufichua yale. Kisha usevu kwa jina jipya. Kama mchoro umeambatishiwa michoro mingine, tuseme kiwanja kutoka kwa mpima, tumia RECOVERALL badala ya RECOVER, ipitie na hiyo.

RECOVER ikishindwa, jaribu kuliingiza faili ndani ya mchoro mtupu kwa amri ya INSERT. Na hapa nikiri kosa langu. Nilikuwa natibu mchoro wa kiwanja cha ufukweni, upande wa Igombe. Mpima alikuwa amechora kwa kuratibu halisi, yaani namba za mahali kwa mita, za ukanda wa 36 Kusini, ambazo kwetu Mwanza upande wa mashariki zinacheza karibu na laki tano, na upande wa kaskazini zinaanza na milioni tisa na laki saba. Mimi nikaingiza mchoro kwa kubofya tu katikati ya skrini, nikafurahi umeonekana. Baadaye nikaleta mstari wa ufukwe kutoka kwenye faili jingine la mpima yule yule ili nipime zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga kitu cha kudumu. Ziwa halikuonekana popote. Kwa kuratibu zangu mpya, kiwanja cha mteja kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka majini, angejenga hoteli bila kuomba ruhusa ya samaki hata mmoja.

Kwa hiyo unapoingiza, ondoa alama ya kuchagua pointi kwa kubofya. Weka 0,0,0, ukubwa 1, mzunguko 0, na weka alama kwenye kisanduku cha Explode ili vitu viachane badala ya kubaki bonge moja. Angalia na vipimo. Mpima anachora kwa mita, sisi wa nyumba tunachora kwa milimita. INSUNITS, yaani mpangilio wa kipimo cha mchoro, za mafaili mawili zikipishana, kiwanja cha mita 30 kinaingia kikiwa kimevimba mara elfu. Ukimaliza, chukua jiwe moja la mpaka unalolijua namba zake, libofye kwa amri ya ID, ulinganishe na karatasi ya mpima.

INSERT ina dosari nyingine: inaleta ule uwanja wa kuchorea tu. Zile kurasa za kuchapia, zenye fremu na kisanduku cha jina la mteja, zinabaki nyuma. Mara nyingi unaweza kuzivuta kando kwa kubofya kulia kichupo cha ukurasa na kuchagua kuleta kutoka kwenye kiolezo, kisha ukaonyesha faili lile lile. Kama nazo zimeoza, basi unachora fremu upya, haikuui.

Kuna mafaili yanayofunguka vizuri lakini programu inaanguka ukigusa kona fulani. Hapo kuna kitu kimoja kibovu, na kazi ni kukizunguka. Zungushia sehemu nzima kidogo kidogo, itoe nje kwa WBLOCK kwenda faili jipya, kisha nyingine, mpaka ubaki na kona iliyooza peke yake. Kwenye ramani moja ya Bwiru kona hiyo ilikuwa mti. Mti wa mapambo uliopakuliwa intaneti, wenye majani elfu na kitu, umewekwa mara kumi na nne kando ya uzio. Njia ya pili ni kusevu kama DXF, ambao ni mchoro uleule ulioandikwa kwa maandishi, halafu kuufungua huo. Vikorokoro vingi havivuki. Ya tatu, kwenye dirisha la kufungulia kuna Partial Open: unachagua leya, yaani tabaka za mchoro, chache tu zifunguke. Anza na kuta, ongeza milango, ongeza vipimo. Leya ikiangusha programu, umemjua mchawi.

Na faili lililovimba bila sababu, la nyumba ya vyumba vitatu lenye uzito wa mtaa mzima, lifanyie -PURGE na kistari chake mwanzoni, chagua Regapps, ufute yote. Haya ni majina ya programu mbalimbali yanayojirundika kila unaponakili vitu kutoka mchoro wa mtu hadi wa mtu. Mafaili ya kurithishana ndiyo yanayoyabeba zaidi.

Lisiloumwa na lililokufa kweli

Kabla ya kuhangaika na RECOVER saa nzima, fanya kipimo hiki cha sekunde kumi. Bofya kulia kwenye kopi, ifungue kwa Notepad. Utaona maandishi ya ajabuajabu. Yaache, soma herufi sita za mwanzo tu.

Ukikuta AC1032, faili limesevuliwa kwa muundo wa 2018, ambao matoleo mapya bado yanautumia. AC1027 ni wa 2013, AC1024 wa 2010, AC1021 wa 2007, AC1018 wa 2004, AC1015 wa 2000. Sasa kama kompyuta yako ina AutoCAD ya 2010 na faili linasema AC1032, usilipe dawa. Ni zima, limeizidi umri programu yako tu. Mwombe aliyelituma asevu kwa muundo wa 2010, au ushushe DWG TrueView ya Autodesk, ni ya bure na inabadilisha miundo. Kwa hesabu ya meza yangu, huu ndio "ugonjwa" ninaoletewa mara nyingi kuliko mwingine.

Ukikuta linaanza na PK, ni zipu ambayo mtu amebadilisha mkia. Likianza na %PDF, ni PDF. Yote nimeyaona, na mara zote mwenye faili aliapa kwamba hakugusa kitu.

Ukikuta ukurasa mtupu, au nafasi tupu toka juu mpaka chini, ingawa folda inasema faili lina megabaiti nne, kaa chini. Windows ilikuwa imeshatenga nafasi ya faili kwenye diski, lakini wino haujafika, umeme ukaondoka au flashi ikachomolewa. Ndani ni sifuri tupu, na RECOVER haina cha kutibu. Vivyo hivyo faili la 0 KB. Rudi kwenye bak, rudi kwenye sv$, au nenda kwa watu.

Kwenda kwa watu ni njia halali, tena ninaiamini kuliko programu nyingi. Uliwahi kuchapisha A1 mjini? Jamaa wa plota alinakili faili lako kwenye kompyuta yake ili achape, na kwa jinsi ninavyowajua hajafuta kitu toka alipofungua duka. Uliwahi kumtumia injinia kwa WhatsApp? Liko kwenye simu yako, ndani ya folda ya WhatsApp Documents, kwenye Sent. Baruapepe ulizotuma, zipekue. Kama kilichobaki ni PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye AutoCAD, toleo la 2017 na kuendelea lina PDFIMPORT, inaigeuza PDF kuwa mistari ya kuhariri. Iliyopigwa picha au kuskaniwa haikubali. Baada ya kuivuta, pima ukuta mmoja unaoujua urefu wake, kwa sababu ukubwa unaweza kuwa wa karatasi badala ya wa nyumba.

Flashi

Flashi ikionyesha shotikati tupu mahali pa mafolda yako, usibofye hata moja. Ni virusi, vimeyaficha mafaili ya kweli na kuweka mitego juu yake. Chomeka kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Windows na R, andika cmd, kisha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Mafolda yatajitokeza, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili michoro peke yake, achana na vingine vyote, kisha fomati flashi.

Lakini flashi ambayo Windows inaomba kuifomati mara tu ukiichomeka, kataa. Ikikuomba kuichunguza na kuirekebisha, kataa vilevile mpaka uwe umetoa unachotaka. Urekebishaji wake unaweza kukuachia vipande vyenye mkia wa .CHK visivyo na majina. Hapo, na pia kwa mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya, kanuni ni kutoandika kitu kingine juu yake. Faili lililofutwa bado liko pale mpaka nafasi yake ipewe jingine. Tumia Recuva au PhotoRec, na unachookoa kipeleke diski nyingine. PhotoRec ina uwezo mkubwa ila haijali majina: itakurudishia rundo la namba zenye mkia wa .dwg, ukae uzifungue moja moja. Nimefanya hivyo usiku kucha na chupa ya chai ya maziwa, nikaipata ya mia na kitu.

Laptopu zenye diski ya SSD ni habari nyingine. Ukifuta faili, Windows inaiambia diski kwamba nafasi ile haina kazi tena, na diski inaisafisha yenyewe, pengine ndani ya muda mfupi. Zima mashine haraka, ila usimwahidi mteja kitu.

Wenzake

ArchiCAD inaacha faili la akiba lenye mkia .bpn pembeni ya .pln. SketchUp inaacha .skb, libadilishe liwe .skp. Revit ni tajiri kidogo, inaweka kopi kadhaa zenye namba, kama nyumba.0001.rvt, na namba kubwa ndiyo ya karibuni. Wodi ni ileile.

Nilivyopanga kwangu

SAVETIME, yaani dakika za kujisevia, nimeweka 5. SAVEFILEPATH nimeitoa kwenye folda ya muda, inakwenda D:\AKIBA, ambako hakuna fundi wa usafi anayefika. ISAVEBAK 1. ISAVEPERCENT 0, ili kila ninaposevu faili liandikwe lote upya badala ya kuongezewa viraka. Inachelewa kidogo kwa michoro mizito, nimezoea. Sichorei kwenye flashi. Nanakili kuja diskini, nachora, nafunga, ndipo narudisha, na naitoa kwa kumwambia Windows kwanza. UPS iko chini ya meza, nayo ni ya kusevu na kuzima. Kijana wangu wa kazi aliwahi kuendelea kuchora paa huku inalia, ikamkatikia kwenye kenchi ya tatu.

Majina ya mafaili nayaanza na tarehe, mwaka kwanza. Zamani nilikuwa na ramani_mwisho, ramani_mwisho2 na ramani_mwisho_kabisa, na siku moja nikapeleka kuomba kibali cha ujenzi ile ambayo haikuwa ya mwisho.

Kijana wa Buhongwa alipita tena mwezi uliofuata, amekwisha kununua betri. Alitaka kunionyesha folda yake ya AKIBA. Ndani mlikuwa na sv$ tatu, kumbukumbu za umeme kukatika mara tatu kabla betri haijafika, na video mbili za harusi ya shangazi yake.